NAS nyumbani Lubumbashi: nilianza na sanduku, kumbe ningeanza na umeme

Yaya, umeeleza kwamba una diski tano za nje zilizojaa picha za familia, video za kazi na hati za nyumba, kwamba moja kati yake imeanza kutoa mlio wa kugonga, kisha ukauliza mambo mawili: ununue NAS ya aina gani, yaani lile sanduku la diski linalohifadhi faili na kuzitoa kwa vifaa vyote vya nyumbani kupitia mtandao, na je, kifaa cha namna hiyo kinaweza kudumu hapa Lubumbashi ambako umeme huondoka bila kuaga. Nitakujibu kwa yale yaliyonipata mwenyewe kwa miaka minne hapa Kampemba, ambako napiga picha na video za harusi na kuzihariri nyumbani. Lakini kabla ya yote, hiyo diski inayogonga izime leo. Usiiwashe kila jioni kuangalia kama bado inafunguka, maana kichwa chake cha kusomea kinaweza kuwa kinakwaruza sahani kila inapozunguka. Iwashe siku utakapokuwa na mahali tayari pa kuhamishia, na uanze na vile vitu ambavyo huwezi kuvipata tena popote.

Swali lako la pili ndilo lililopaswa kutangulia, na mimi mwenyewe sikulitanguliza. Nilinunua sanduku, nikanunua diski mbili, nikajisifu mbele ya wenzangu, na ondulere, yaani ile UPS ya wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda unapokatika, nikaiahirisha hadi kazi ya mwezi uliofuata ilipwe. Miezi minne ilipita hivyo. Usiku mmoja wa Desemba, mvua ikinyesha, umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi, nami nilikuwa nimeacha sanduku likinakili video za harusi ya siku hiyo. Asubuhi nilikuta taa ya rangi ya machungwa inawaka na kuzima na kila folda imefungwa. Ukaguzi na ukarabati ulichukua siku nzima, folda nyingi zikarudi salama, ila faili za harusi ile zilizokuwa zikiandikwa wakati ule hazikufunguka tena. Kadi ya kamera nilikuwa sijaifuta, ndiyo sababu leo naweza kukusimulia bila aibu kubwa.

Sababu ya jambo hili ni rahisi kuielewa. NAS si diski yenye waya mrefu. Ni kompyuta ndogo kamili, kwa kawaida inayoendeshwa na mfumo uitwao Linux, na kama kompyuta yoyote hupokea data kwanza kwenye kumbukumbu yake ya muda, halafu ndipo huiandika kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, kilichokuwa kwenye kumbukumbu hupotea, na kilichokuwa kinaandikwa hubaki nusu. Diski ya nje ya kawaida huchomekwa kwenye laptopu yenye betri yake, kwa hiyo hatukuzoea kuliwaza tatizo hili.

Sasa tupige hesabu. Sanduku la diski mbili pamoja na ruta yangu hula takriban wati 30. Ondulere ndogo ya VA 650 huwa na betri ya volti 12 na saa-ampea 7, ambayo kwenye karatasi ni wati-saa 84, lakini sehemu kubwa hupotea katika kugeuza umeme, na betri ya aina hiyo haipendi kumalizwa. Yangu ilipokuwa mpya ilinipa kama dakika 50. Baada ya miaka miwili ilinipa 15, nikabadilisha betri. Kwa delestaji ya hapa kwetu, yaani umeme kukatwa kwa zamu, inayoweza kuchukua saa nyingi, dakika hizo si za kuendelea kufanya kazi. Ni za kuzima kwa adabu. Kwa sababu hiyo, kitu cha maana kuliko vyote kwenye ondulere ni ule waya mwembamba wa USB ambao watu wengi huuacha ndani ya katoni. Waya huo ndio unaoliarifu sanduku kwamba umeme umekwenda, ili limalize kuandika na kujizima lenyewe. Hakikisha pia, kabla ya kununua, kwamba ondulere hiyo imo katika orodha ya zile zinazotambuliwa na sanduku lako. Yangu nimeiagiza izime sanduku baada ya dakika tano, na nimezuia lisijiwashe lenyewe umeme unaporudi, kwa kuwa umeme wetu hurudi kwa kusitasita, mara upo, mara haupo. Nasubiri robo saa, nikiona taa za nyumba zimetulia, nawasha kwa mkono.

Uliza pia kama ondulere inasawazisha volti ndani yake. Jioni, watu wote wanapopika, volti za mtaa wangu hushuka sana, na zile za bei ndogo kabisa hukimbilia betri kila mara, hivyo betri hufa kabla ya wakati. Kama nyumbani tayari una paneli za sola, na nimeona katika maelezo yako kwamba unazo, mambo yako ni mepesi kuliko yangu: betri moja ya volti 12 na saa-ampea 100 ni wati-saa 1200, ukitumia nusu tu ili uitunze unapata 600, na baada ya kutoa upotevu wa inverta bado wati 30 zitaendeshwa kwa saa 16 au 17. Hata hivyo weka ondulere ndogo katikati, kwa sababu baadhi ya inverta huchelewa kidogo wakati wa kubadili chanzo, na kukatika kwa kitambo hicho kunatosha kuliangusha sanduku.

Tuje kwenye diski, ambako nilipigwa waziwazi. Nilinunua mbili mjini, zikiwa ndani ya mifuko yao ya kuzuia umeme tuli, zimefungwa vizuri, zinang'aa. Nilipoziweka na kufungua ukurasa wa afya ya diski, yaani taarifa za SMART ambazo kila diski hujiandikia yenyewe, moja ilionyesha saa 3, ambazo ni zile saa tatu nilizokuwa nimeiwasha mimi. Nyingine ilionyesha saa 31,412. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo hiyo diski "mpya" ilikuwa imezunguka zaidi ya miaka mitatu na nusu mahali fulani kabla ya kufika kwangu. Niliporudi dukani muuzaji hakutetereka hata kidogo: "Patron, ile ni mupya, imetoka Dubai." Nilimwonyesha picha ya skrini, tukabishana hadi wateja wengine wakaanza kusogea kusikiliza, ndipo akabadilisha. Tangu siku hiyo siendi kununua diski bila laptopu na adapta ya USB. Naisoma SMART pale pale juu ya meza yake, halafu ndipo pesa zinatoka mfukoni. Mwombe muuzaji ruhusa mapema, na akikataa, umeshapata jibu.

Angalia pia njia ambayo diski hutumia kuandika. Zipo ambazo hupanga mistari ya data kwa kupandana kama mabati ya paa, ziitwazo SMR, na zipo za kawaida ziitwazo CMR. Zile za kupandana huwa za polepole mno zinapoandikwa mfululizo, hasa siku unapobadilisha diski iliyokufa na sanduku linajijenga upya. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS, zilikuwa za SMR bila wanunuzi kuelezwa, na baadaye zile za CMR zikawekwa chini ya jina WD Red Plus. Seagate IronWolf ni za CMR. Usishangae pia ukinunua diski ya terabaiti 4 na kompyuta ikakuonyesha 3.6, hujaibiwa, ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu.

Kuhusu sanduku lenyewe sina mengi. Lenye nafasi mbili linakutosha. Synology na QNAP wana programu inayoeleweka hata kwa asiye fundi, na unaweza kuchagua lugha ya Kifaransa. Wapo watakaokushauri utumie kompyuta ya zamani yenye OpenMediaVault au TrueNAS, programu zinazoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa NAS, nao hawajakosea, ila kompyuta ya namna hiyo inaweza kula wati 60 au 80, na ukirudi kwenye hesabu ya betri niliyotoa juu utaona kwamba muda wako umekatwa zaidi ya nusu. Mahali penye umeme wa saa zote ningekuwa na maoni mengine.

Diski mbili huunganishwa kwa mtindo wa kioo, RAID 1, ambapo kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa kwenye nyingine papo hapo. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo, akaomba nafasi ya kuweka filamu zake, akaona folda kubwa yenye jina asilolielewa, akaifuta. Kioo kilifanya kazi yake kwa uaminifu: folda ilifutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. RAID 1 hukulinda na diski moja kufa. Haikulindi na mkono wa mtu, wala mwizi, wala radi, wala virusi vinavyofunga faili na kudai pesa. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimewasha snapshoti, ambazo huhifadhi sura ya folda jinsi ilivyokuwa saa fulani, na nikairudisha folda ya usiku uliotangulia kwa dakika chache. Ziwashe siku ya kwanza kabisa. Kwenye Synology zinahitaji uchague mfumo wa kupanga faili uitwao Btrfs wakati wa kuandaa diski, na si kila modeli inaukubali, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Halafu mpe kila mtu wa nyumbani akaunti yake, na folda za kazi wape wengine ruhusa ya kusoma tu.

Mtandao wa ndani ulinisumbua kwa sababu ya kijinga. Ruta niliyopewa na kampuni ya intaneti ilikuwa na milango ya megabiti 100 tu, ambayo kwa vitendo ni megabaiti 11 hivi kwa sekunde. Kunakili kadi ya kamera ya gigabaiti 64 kulichukua zaidi ya saa moja na nusu. Nikanunua swichi ya gigabiti, kile kisanduku cha kuunganisha nyaya za mtandao, nikaweka kompyuta na sanduku juu yake, na mwendo haukubadilika hata kidogo. Nililaumu swichi, nikalaumu sanduku, hadi nilipokata kichwa cha waya na kukuta kijana aliyenitengenezea alikuwa ameunganisha nyuzi nne tu kati ya nane. Kwa megabiti 100 nyuzi nne zinatosha. Gigabiti inazitaka zote nane. Nilipobadilisha waya, kadi ile ile ilimalizika kwa dakika kumi. Wi-Fi iachie simu na televisheni.

Usifungue mlango wowote wa ruta (si tundu la waya, bali njia ya kuingilia kutoka intaneti) ili uone faili zako ukiwa safarini, hata fundi akikuambia ni jambo dogo. Januari 2022 virusi vilivyoitwa DeadBolt vilifunga faili za masanduku mengi ya QNAP yaliyokuwa wazi kwenye intaneti, na wenye mali wakadaiwa bitcoin. Mimi natumia Tailscale, ambayo huunganisha simu yangu na sanduku kwa njia iliyofichwa bila kufungua mlango wowote, na hufanya kazi hata pale ambapo mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Weka nenosiri refu, na akaunti ile ya kiwandani iitwayo admin izime.

Wakati wa kiangazi, lile vumbi letu jekundu litaingia tu. Weka sanduku juu ya rafu, mbali na sakafu na dirisha, na upige matundu yake kwa brashi laini kila mwezi.

Linabaki suala la nakala iliyo nje ya nyumba. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja mahali pengine. Kupakia terabaiti mbili kwenye intaneti kwa vifurushi vya hapa kungenifilisi, kwa hiyo ninazo diski mbili za nje zinazobadilishana zamu. Moja imechomekwa kwenye sanduku na hupokea nakala kila Jumapili usiku. Nyingine iko Likasi, kwa shemeji yangu, ndani ya kabati la nguo, imefungwa kwa nenosiri. Nikienda huko, mara moja kwa miezi miwili hivi, nabadilisha, na kabla ya kuondoka nafungua harusi moja kutoka kwenye ile niliyoikuta na kuitazama dakika chache, kwa sababu mara ya pili nilipofanya hivyo nilikuta folda zipo, majina yapo, na ndani hamna kitu: nilipopanga kunakili nilikuwa nimeweka alama kwenye folda isiyo sahihi. Zako tano ukishazihamisha, zile mbili zilizo nzima zaidi kwa mujibu wa SMART zinakutosha kabisa kwa kazi hiyo, hutahitaji kununua nyingine.