Kubadilisha mazabodi bila kuipoteza Windows

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina duka la vifaa vya ofisi. Kompyuta yangu ya mezani, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu na Windows 10, imekuwa nzito mno. Nataka kuweka mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), prosesa na RAM mpya, ila diski ibaki ileile kwa sababu ina programu ya hesabu na kumbukumbu za wateja. Fundi amesema mazabodi ikibadilika ni lazima apige Windows upya, na kwamba ataniwekea ya bure, isiyodai leseni. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, si kweli, na swali hili hunifikia mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kuamini kuwa wapo wanaofaidika nalo. Enzi za Windows XP hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana mfumo ule, ukihamishiwa kwenye mazabodi ya aina nyingine, mara nyingi uliishia kwenye skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B, kwa kukosa draiva (kiprogramu cha kuendeshea kifaa) ya kuifikia diski yake wenyewe. Windows 10 huja na draiva za kawaida za diski, hivyo ikikuta mazabodi ngeni huvitambua vifaa upya, pengine hujizima na kujiwasha, kisha huendelea na kazi.

Kikwazo halisi kwa diski ya umri huo ni mpangilio wake, yaani namna ilivyogawanywa sehemu. Huenda ni wa MBR, mpangilio wa zamani, ilhali mazabodi nyingi za sasa huwasha kwa UEFI (programu ya kisasa ya kuwashia kompyuta) peke yake, ambayo huhitaji mpangilio mpya wa GPT. Liangalie jambo hilo kabla hujafungua kasha. Ukikuta ni MBR, programu ya MBR2GPT, iliyomo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703, huugeuza mpangilio bila kufuta faili, mradi uwe umeweka chelezo (nakala ya akiba) kwenye diski nyingine kwanza. Kama BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, imewashwa, isitishe, na ufunguo wake wa tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi. (Kompyuta nyingi za ofisini za Dell na HP zina kasha na plagi za umeme za namna yake, kwa hiyo hakikisha mazabodi mpya inaingia kabla hujailipia.)

Sasa nije kwenye linalonikera. Kubakiza Windows ni jambo moja, na kubakiza haki ya kuitumia ni jambo jingine, lakini mafundi wasio waangalifu huyachanganya ili wauze kazi isiyohitajika. Leseni ya Windows 10 hutambuliwa hasa kwa mazabodi. Uliyoinunua peke yake dukani unaruhusiwa kuihamisha: iunganishe na akaunti yako ya Microsoft kabla ya kubadilisha vifaa, kisha kwenye ukurasa wa Activation (wa kuthibitisha leseni) ueleze kwamba umebadilisha vifaa. Iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani hubaki na kompyuta ile, nawe utanunua nyingine. Kupiga Windows upya hakubadilishi lolote katika haya. Programu yako ya hesabu nayo huenda imefungiwa kwenye kompyuta ya sasa, kwa hiyo waulize waliokuuzia.

Hiyo Windows ya bure kwa kawaida ni Windows iliyovunjwa leseni kwa kiprogramu kinachoagiza kinga ya virusi izimwe kwanza, kisha kinapewa mamlaka yote ya msimamizi. Mtu anayeandika madeni ya wateja na nywila za benki kwenye mashine ya namna hiyo amemkabidhi asiyemjua funguo za duka. Tena hakuna dharura ya kuhalalisha hatari hiyo, kwa sababu Windows 10 isiyo na leseni haifungi kazi. Huweka maandishi pembeni mwa skrini na kukuzuia kubadilisha mandhari, nawe unapata muda wa kutafuta leseni halali.

Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo chagua vifaa vinavyokubaliwa na Windows 11, yaani TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, ili upande toleo bila kugusa faili. Endapo mashine itakataa kuwaka baada ya haya yote, hapo ndipo kupiga upya kunapokuwa na hoja, na hata hapo diski ya zamani iwekwe kando bila kufutwa, Windows isimikwe kwenye diski mpya ya SSD kwa faili lililopakuliwa kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, nawe ukiwa umekaa hapo hapo unatazama.