Zebaki ya Tapajós haitoki machimboni tu

Je, zebaki, ile metali yenye sumu, iliyomo katika mto Tapajós imeletwa yote na wachimba dhahabu wanaoitumia? Hapana, si yote. Watafiti Marc Roulet na Marc Lucotte walipima udongo wa bonde la Tapajós, Brazili, miaka ya 1990, wakakuta zebaki nyingi ya asili imeng'ang'ania oksidi za chuma na alumini, imejilimbikiza humo tangu enzi na enzi. Msitu ukifyekwa, mvua inausomba udongo huo hadi mtoni. Mtazame pia Rio Negro, mto mwingine wa Amazoni: uchimbaji ni mdogo, lakini samaki walao wenzao wana zebaki nyingi, maana maji yake meusi yana asidi, inayosaidia zebaki kuingia mwilini mwa samaki. Ila wachimbaji msiwasafishe kabisa! Ya kwao ipo, na wakichimbua kingo wanaitibua hata ile ya asili.