Nyuzi za gitaa kavu: hewa ya Kigoma, hewa ya Tabora

Kabla ya kuuliza bei ya nyuzi za gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, tazama daraja, kile kibao kilichogundishwa juu ya sanduku la gitaa, nyuzi zinakoanzia. Kama nyuzi zimefungwa fundo pale na shingo ni pana, hilo ni gitaa la nailoni. Kama kuna pini sita, ni la nyuzi za chuma. Wako wanaovalisha gitaa la nailoni nyuzi za chuma ili lilie zaidi. Linalia kweli, kwa muda. Seti ya nailoni huvuta kama kilo 40. Ya chuma, namba 12 (namba ni unene, tutaufikia chini), hupita kilo 70. Daraja hubanduka, uso huvimba, shingo hupinda, na hapo fundi ndiye atakayekula hela yako.

Dukani, pakiti nyingi unazopewa ni za gitaa la umeme. Fungua utazame uzi wa tatu, ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa. Wa gitaa kavu kwa kawaida umezungushiwa waya wa rangi ya shaba. Wa umeme ni mtupu, na zile nene zina rangi ya fedha. Ukizifunga kwenye gitaa kavu, sauti hutoka nyembamba kama ya redio ya betri iliyochoka.

Namba ni unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu za inchi: 12 ni inchi 0.012. Kwa magitaa mengi ya bei nafuu, chukua 11. Namba 10 inamfaa anayeanza, au anayedonoa kwa vidole mtindo wa Kikongo. Ukiipiga kwa nguvu, nyuzi hugonga fireti, vile vichuma vilivyopangwa kukata shingo. Namba 12 ni ya gitaa lenye shingo imara, hasa linalosindikiza kwaya mahali pasipo spika. 13 achana nayo. Ukihama namba, shingo nayo huhama: kaza au legeza chuma cha ndani ya shingo kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), robo mzunguko tu, kisha subiri hadi kesho ndipo upime tena.

Kuna madini pia. Nyuzi za 80/20 ni shaba asilimia 80 na zinki 20. Zinang'aa sauti siku za mwanzo, kisha zinafifia upesi. Za fosfa bronzi, zenye shaba, bati na fosforasi kidogo, huanza kwa upole na hukaa zaidi. D'Addario EJ26 ni za aina hii, namba 11. Lakini kwa mtu wa Kigoma, hasa anayekaa karibu na ziwa, pesa iende kwenye nyuzi zenye ngozi nyembamba ya plastiki, kama Elixir. Ni ghali, sawa. Ila msimu wa mvua, unyevu na jasho huingia kati ya mizunguko ya waya na kuua sauti, na zile mbili nyembamba hushika kutu. Hata hizo zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na nawa mikono kwanza kama umetoka kuanika dagaa.

Tabora shida ni nyingine. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa hukauka, mbao hunywea, uso hushuka, nyuzi zinaanza kugonga na kuvuma kwenye fireti. Watu hulaumu nyuzi na kununua nene zaidi. Weka sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa, ndani ya kiboksi cha sabuni chenye matundu, ukiache kwenye mfuko wa gitaa.

Wakati wa kufunga, kunja kidogo ncha yenye kitufe, kile kipete kidogo mwishoni mwa uzi, ingiza, bonyeza pini, kisha vuta uzi juu hadi kitufe kishike chini ya ubao. Kitufe kikikaa chini ya ncha ya pini, pini itaruka. Uzi mwembamba upate mizunguko minne au mitano kwenye kikazio, mnene miwili au mitatu.

Ukikatika uzi wa kwanza au wa pili na duka lina za umeme tu, usirudi mikono mitupu. Hizo mbili ni chuma kitupu kwenye pakiti zote za nyuzi za chuma, za kavu na za umeme. Angalia namba ifanane, ufunge.