Kwa anayeanza kufuga mbuzi wa maziwa: niliyojifunza bandani

Kila likizo huwa napokea vijana wawili watatu wanaotaka kujifunza kufuga mbuzi wa maziwa. Wakifika hapa kwetu Kayenze, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, wanatua mabegi, na swali la kwanza ni lilelile: mbuzi mmoja anatoa lita ngapi? Najibu, halafu nawaomba wiki ya kwanza wafanye kazi moja tu, kumwangalia mnyama. Mfugaji mwenye jicho huona tatizo siku mbili kabla maziwa hayajapungua, na hilo ndilo ninalotaka waondoke nalo.

Kuhusu lita: mbuzi wetu wa kienyeji, mtoto wake akishanyonya, mara nyingi hakuachii hata nusu lita. Wangu ni machotara wa Toggenburg, mbuzi wa maziwa wa kizungu. Akila vizuri, mmoja hunipa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku katika miezi miwili ya mwanzo baada ya kuzaa, kisha yanashuka taratibu. Ukienda kununua, nenda saa ya kukamua, kaa pale uone kwa macho yako. Jioni rudi tena, kwa sababu mbuzi aliyeachwa bila kukamuliwa tangu jana ataonekana ana maziwa mengi kuliko kawaida yake.

Mimi hukamua saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, sikukuu na msiba bila kubadilisha. Mbuzi anaijua saa. Ukichelewa utamkuta amesimama mlangoni analia, kiwele kimejaa, na mnyama mwenye wasiwasi hashushi maziwa. Basi nawa mikono kwa sabuni, mpandishe kwenye jukwaa lake la mbao, mwekee pumba kidogo kihorini, ongea naye. Osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu na ukikaushe kwa kitambaa chake mwenyewe. Kitambaa kimoja kwa mbuzi wote ni njia ya kuwagawia ugonjwa.

Sasa mkono. Zungushia kidole gumba na cha shahada juu kabisa ya chuchu, pale inapoungana na kiwele, ubane. Hapo umeyazuia maziwa yasirudi juu. Kisha funga cha kati, cha pete na cha mwisho, kimoja kimoja, maziwa yashuke. Achia chuchu ijae, rudia. Usivute. Wengi wamezoea kuona watu wakivuta, na kuvuta huumiza chuchu kwa ndani hata kama nje huoni jeraha. Siku tatu za mwanzo mkono wako utauma hadi kiwiko, kisha utazoea.

Michirizo miwili mitatu ya kwanza usiiweke kwenye ndoo. Ikamulie kwenye kikombe cheusi uitazame. Ukiona mabonge, au maji, au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele umeanza. Nilichelewa kuupa uzito ushauri huu, na aliyelipa ni mbuzi niliyempenda kuliko wote, Madoa. Siku ya gulio nilikuwa na haraka, nikamkamua nusu, nikaondoka. Jioni nikafanya vilevile. Siku ya tatu upande wa kushoto wa kiwele ulikuwa mgumu kama kiazi kibichi, una moto, na nikigusa anarusha teke. Alitibiwa, na siku zote za dawa maziwa yake tuliyamwaga, lakini upande ule haukurudi kama zamani. Kamua mpaka kiwele kilegee. Kama una safari, mfundishe mtu mwingine nyumbani mapema, mbuzi amzoee mkono.

Maziwa yachujwe mara moja kwa kitambaa safi, na yachemshwe kabla hayajanywewa, hata na wewe mwenyewe uliyeyakamua. Homa ya brusela hupita kwenye maziwa mabichi, na dalili zake hufanana na malaria kiasi kwamba mtu anaweza kumeza dawa zisizo zake kwa muda mrefu. Watu wengi huku wamekulia maziwa ya ng'ombe, watakuambia ya mbuzi yananuka. Sababu mara nyingi ni beberu. Harufu yake hushika kwenye manyoya, mikononi, na mwisho kwenye maziwa. Beberu akae banda lake, mbali na majike, na usimshike kabla ya kukamua. Majirani zangu waliokuwa wakikataa sasa wananitumia watoto na chupa.

Chakula ndicho hula muda wa siku. Mbuzi anapenda kula akiwa ameinua kichwa, kwa hiyo majani ninayakata na kuyafunga mafungu yanayoning'inia: lusina, marando ya viazi, majani ya mpapai. Yakidondoka chini yakakanyagwa, hayagusi tena. Mashudu ya pamba hupatikana huku kwetu, changanya na pumba za mahindi, lakini kwa kipimo, usimzoeshe ghafla. Maganda ya muhogo lazima uyaanike yakauke vizuri, mabichi yana sumu. Chumvi jiwe na maji safi visikosekane.

Hapa ziwani kuna jambo ambalo wanaotoka mbali na ziwa hawalijui. Majani ya ufukweni ni ya kijani hata kiangazi, na mtu anaona ameokota dhahabu. Kwenye madimbwi na matete kuna konokono wanaobeba minyoo ya ini, na kwenye nyasi zenye umande viluwiluwi vya minyoo ya tumbo hupanda juu pamoja na unyevu. Mimi siwatoi mbuzi kabla umande haujakauka, na kule kwenye tope siwapeleki kabisa. Angalia pia mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini mabaki yake bado yanafukuliwa, na ikishaingia tumboni haitoki.

Kila Jumamosi ninafanya ukaguzi wa macho. Shika kichwa, vuta kope la chini taratibu kwa kidole gumba, tazama ndani ukiwa kwenye mwanga wa jua. Ikiwa nyekundu au waridi iliyokolea, damu ipo. Ikiwa imefifia kuwa nyeupe kama karatasi, minyoo wananyonya damu na huna muda wa kusubiri, muone afisa mifugo. Ukimpa dawa yoyote, soma kwenye lebo ni siku ngapi maziwa yake hayafai kunywewa.

Banda liinue juu ya nguzo, sakafu ya fito zenye nafasi samadi idondoke chini. Samadi hiyo ndiyo inayolisha mchicha wangu. Mlango uwe imara, fisi bado wapo.

Mimba ni miezi mitano. Miezi miwili kabla ya kuzaa acha kumkamua, hata kama anatoa, mwili wake umjenge mtoto. Mtoto akitoka, ndani ya saa moja awe amenyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na kitovu kipakwe aidini. Hapo usiibe hata kijiko. Madoa anatarajia wiki ijayo. Leo nimefua gunia la kumtandikia, aidini ipo juu ya kabati, na usiku nitaamka mara mbili kumwangalia.