Unapoanza fiziotherapia na OT baada ya kiharusi: mambo ya kutarajia

Mtu anaporuhusiwa kwenda nyumbani baada ya kiharusi, jamaa zake huondoka hospitalini na dawa, tarehe ya kurudi kliniki, na karatasi ya rufaa ya kuanza fiziotherapia pamoja na tiba ya shughuli za kila siku, ile ambayo kwenye kadi huandikwa OT. Dawa huanza kumezwa siku hiyo hiyo. Karatasi ya rufaa, kama nilivyoona katika nyumba kadhaa hapa Kisumu, hukunjwa na kuwekwa kabatini hadi mgonjwa apate nguvu kwanza. Naandika kwa ajili ya mwenye karatasi hiyo na kwa ajili ya yule atakayemsindikiza, kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba kungojea nguvu ni kupoteza wakati ulio bora kuliko wote. Kwa watu wengi, miezi ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo hujipanga upya kwa kasi kubwa, na kazi zilizokuwa zikifanywa na sehemu iliyoumia huanza kushikwa na sehemu zilizosalia nzima, mradi sehemu hizo zipewe kazi hiyo mara kwa mara. Aliyechelewa hajafungiwa mlango, kwani mabadiliko huendelea hata baada ya mwaka, lakini mwendo wake huwa wa polepole zaidi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kiharusi kilinidhoofisha upande wa kulia, mkono ukiathirika kuliko mguu, kwa hiyo tiba hizi mbili nilizianza kwa pamoja. Kwa ufupi, fiziotherapia hushughulikia mwendo wenyewe: nguvu za misuli, viungo visikakamae, usawa wa mwili unaposimama, na kutembea. Tiba ya shughuli hushughulikia kile unachotaka kukifanya kwa mwendo huo: kuoga, kuvaa, kula, kuandika, kupika, kurudi kazini. Zinaingiliana sana, na katika vituo vidogo utakuta wataalamu wa pande zote mbili wakifanya kazi katika chumba kimoja.

Siku ya kwanza usitarajie mazoezi mengi, kwa sababu ni siku ya maswali na vipimo. Utapimwa presha kabla ya jambo lolote, na ikiwa iko juu mno utaahirishiwa mazoezi, kwa hiyo usiache kumeza dawa asubuhi hiyo kwa kuhofia kuchelewa gari. Nenda na dawa zako au orodha yake, na kadi ya hospitali. Vaa nguo pana ambayo mkono wake unapandishwa kwa urahisi, na viatu vilivyofungwa nyuma, maana ndara huteleza kwenye mguu usio na nguvu na mtu huanguka. Mtaalamu atakuomba uinue mkono, kisha akuwekee upinzani na kukuambia usukume, na nguvu ya kila msuli ataiandika kwa alama za sifuri hadi tano. Kiungo kisichojipinda vizuri atakipima kwa kifaa kinachofanana na rula mbili zilizoshikanishwa kwa pini. Huenda akakuagiza utembee mita kumi huku akiangalia saa.

Kipimo kilichonigusa kuliko vyote kilikuwa chepesi kabisa. Yule dada aliyekuwa akinihudumia aliniambia, "Mwalimu, fumba macho," akakishika kidole gumba changu cha mkono wa kulia kwa ubavuni, akakisogeza polepole, na kuniuliza kimekwenda juu au chini. Nilijibu kwa uhakika. Nilipofumbua macho nikakuta kidole kinaelekea upande mwingine kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mkono unaweza kuwa na nguvu kidogo na bado ubongo usijue ulipo, na kwamba hiyo ndiyo sababu vikombe vilikuwa vikiniponyoka nyumbani hata nilipodhani nimevishika barabara. Jambo hili lina hatari zake: mkono usiohisi vizuri usiutumie kupima joto la maji ya kuoga wala kuinua sufuria jikoni. Tumia ule mzima.

Baada ya vipimo utaulizwa unataka kufikia wapi. Swali hili linastahili jibu la kweli na la wazi, na ni vyema ulifikirie ukiwa bado nyumbani. "Nataka kupona" ni jibu ambalo kila mtu hulitoa, na halimpi mtaalamu pa kuanzia. Mimi nilisema nataka kula ugali kwa mkono wangu wa kulia mbele ya wageni, na nataka kuandika ubaoni. Mama niliyekuwa nikikutana naye kwenye benchi la kungojea alitaka kuweza kupiga magoti kanisani na kuinuka bila kushikwa. Malengo kama hayo humwezesha mtaalamu kuligawanya jambo katika hatua ndogo na kujua ni hatua ipi inayokushinda.

Kwangu ugali ulianzia mbali. Kwanza ilikuwa kuketi wima, mkono ukiegemea meza, na kusukuma kitambaa mbele na nyuma ili bega na kiwiko vikumbuke njia. Kisha kuhamisha maharagwe kutoka bakuli moja hadi jingine, kubana na kubanua vibanio vya nguo, na kufinyanga donge la unga uliokandwa. Kwa muda huo nilikula kwa kijiko ambacho mpini wake ulikuwa umeviringishwa kitambaa ukawa mnene, kwa kuwa vidole dhaifu hushika kitu kinene kwa urahisi zaidi kuliko chembamba. Tonge lenyewe lina kazi zaidi ya mtu anavyodhani: vidole vinne vikunjwe pamoja, kiganja kizungushe, gumba libonyeze shimo la kuchotea mchuzi, na yote hayo pasipo kulivunja. Lilipokubali mara ya kwanza lilikuwa limekaa upande, na sukuma wiki nyingi ilibaki kwenye sahani, lakini lilifika kinywani, na mke wangu alilia.

Kuna kanuni moja ya kuvaa ambayo ningependa kila familia iambiwe kabla ya kutoka wodini: wakati wa kuvaa shati anza na mkono dhaifu, na wakati wa kuvua maliza na huo huo. Inaondoa mavutano mengi ya asubuhi.

Upande wa fiziotherapia, zoezi nililopewa kulirudia kuliko yote lilikuwa kuinuka kitini na kuketi tena. Nyayo zivutwe nyuma chini ya magoti, kifua kiinamie mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, uzito ugawanyike miguu yote miwili, ndipo uinuke. Utatamani kuegemea mguu mzima peke yake. Mtaalamu mzuri atakukatalia. Ukipewa bakora, ishike kwa mkono wa upande wenye nguvu, si wa upande dhaifu kama wengi wanavyodhani. Kwenye ngazi, unapopanda tanguliza mguu mzima, na unapoteremka tanguliza ule dhaifu. Kama unyayo unakokota kwa sababu kifundo hakiinuki, uliza kuhusu kifaa cha plastiki kinachovaliwa ndani ya kiatu kuuinua, kwani hicho hutengenezwa na fundi wa mifupa na viungo bandia, na unaweza kuhitaji rufaa nyingine.

Wengi hufika wakitarajia kulala kitandani na kukandwa. Kukandwa kuna nafasi yake, hasa misuli ikiwa imekaza, lakini ubongo haujifunzi mwendo kwa kusogezwa na mtu mwingine; hujifunza kwa kujaribu, kukosea na kurudia. Mtaalamu ni mwalimu, na kama nijuavyo kutokana na kazi yangu, mwanafunzi anayesoma darasani tu na asifungue daftari nyumbani haendi mbali. Vikao viwili kwa wiki ni saa chache mno. Kazi kubwa iko nyumbani, vipindi vifupi vifupi kutwa nzima, na inafaa mazoezi yafungamanishwe na mambo yatakayofanyika hata hivyo: inuka kitini mara kadhaa kila kabla ya chai, funga vifungo mwenyewe hata kama unachukua muda mrefu, shika sahani kwa mkono dhaifu huku ukiiosha kwa mwingine.

Hapa naomba niseme na wanaouguza. Upendo wetu huku magharibi mwa Kenya hujionyesha kwa kumfanyia mgonjwa kila kitu, na ninaujua uzuri wake kwa kuwa nimetunzwa nao. Hata hivyo, mkono usiotumiwa husahaulika upesi na ubongo huacha kabisa kuutafuta. Mpe mgonjwa nafasi ajaribu, na umsaidie anapokwama tu. La pili, ambalo ni zito zaidi, msimwinue kwa kumvuta mkono dhaifu wala kumshika kwapani. Misuli inayoshikilia bega ikilegea, mfupa wa mkono huteremka kidogo kutoka mahali pake, na mvuto mmoja unaweza kuleta maumivu ya bega yatakayozuia mazoezi kwa miezi. Mshikeni kiunoni au kwa mkanda. Anapoketi, mkono huo uegemee mto au meza, usining'inie. Kwa sababu hiyo hiyo sishauri kumpeleka kwa mkandaji wa kienyeji anayenyoosha mkono kwa nguvu. Na ule mpira wa kubinya ambao kila mgeni huja nao, ulizieni kwanza: vidole vikiwa tayari vinajikunja vyenyewe na kukaza, kinachohitajika zaidi ni kuvifungua.

Maumivu yatakuwepo, ila si yote ya aina moja. Misuli kuuma na kuhisi kuvutwa, kisha kutulia baada ya siku moja au mbili, ni kawaida. Maumivu makali yanayochoma, yanayozidi usiku, au kiungo kinachovimba, sema papo hapo, usijikaze kiume. Uchovu nao ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwa watu wa nje; baada ya kikao cha nusu saa nilikuwa nikilala mchana kutwa, na huo ulikuwa ubongo uliochoka, si uvivu. Kisha kuna huzuni. Sonona baada ya kiharusi ni jambo la kawaida na lina tiba, na mtu akiacha kula, akikataa mazoezi na kulia bila sababu, daktari aambiwe kama vile angeambiwa kuhusu homa.

Kuhusu mahali pa kwenda, hospitali kubwa za umma zina idara hizi: Kisumu tuna Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wengi bado huiita Russia, na Nakuru na Kakamega nako kuna hospitali za kaunti zinazotoa huduma hiyo. Kliniki za kibinafsi hufupisha foleni. Kokote uendako una haki ya kuuliza leseni: sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza la kuwasajili wanafiziotherapia, na sheria ya mwaka 2017 ikafanya vivyo hivyo kwa wataalamu wa tiba ya shughuli. Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, mwezi Oktoba 2024, uliza dirishani kabla ya kikao cha kwanza ni kipi kinacholipiwa na ni kipi utakachotoa mfukoni, ili usije ukakatiza tiba katikati. Nauli nayo iwekwe kwenye hesabu. Tuktuk ni salama kuliko bodaboda kwa mtu asiye na usawa wa mwili. Ikiwa fedha zinatosha kikao kimoja tu kwa wiki, mwambie mtaalamu mapema bila haya. Atakupangia mazoezi mazito zaidi ya nyumbani na kumfundisha anayekuuguza. Mazoezi hayo omba yaandikwe au yarekodiwe kwa simu.

Maendeleo hayaji kwa mstari ulionyooka. Mguu kwa kawaida hurudi mapema kuliko mkono, na vidole huwa vya mwisho. Kutakuwa na majuma ambayo hakuna kinachosogea, na hapo vipimo vya siku ya kwanza huwa na faida: omba virudiwe, kwa kuwa macho yako mwenyewe hayaoni badiliko dogo la kila siku. Kama hakuna kilichobadilika hata baada ya muda mrefu, zungumza na mtaalamu kuhusu kubadilisha mazoezi au lengo kabla hujafikiria kuacha.

Tena, aliyepata kiharusi mara moja anaweza kukipata tena. Ikiwa siku yoyote uso utapinda ghafla, maneno yatavurugika, au upande wa mwili utalegea upya, usingojee siku ya fiziotherapia. Nenda idara ya dharura mara moja na uwaeleze saa hasa dalili zilipoanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana na inapofaa, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tu.