Usafi wa nje kabla ya masika: anzia juu

Dada, umeuliza uanzie wapi kusafisha nje ya nyumba na bustani kabla masika ya Machi hayajaanza. Anzia juu: toa majani kwenye gata, maana zikiziba maji hurudi ndani na kuozesha dari. Utando wa kijani ukutani usiufunike kwa rangi. Usugue kwa brashi na maji yenye jiki, kisha ukuta ukauke kabla ya kupaka rangi.

La muhimu kuliko yote ni kuondoa vifuu, makopo na matairi yanayotuamisha maji. Mbu anayeeneza dengi hutaga humo, na mayai yake hunata ukutani mwa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi. Ndiyo maana chombo cha maji ya kuku kinatakiwa kusuguliwa ndani kila wiki; kumwaga tu hakutoshi, tafadhali.

Michongoma ipunguze sasa. Majani makavu usiyachome, yatandaze chini ya migomba.