Mimba tatu zimetoka, naambiwa nipime seli za kinga: jibu langu

Dada uliyeanzisha uzi huu, pole sana. Nimesoma maelezo yako yote. Mimba mbili zilitoka zikiwa changa, ya tatu mtoto akafia tumboni ukiwa na miezi sita na presha imepanda. Sasa kuna kliniki inakutaka ulipie kipimo cha seli za NK ("natural killer", aina mojawapo ya seli za kinga) kwenye damu, halafu uwekewe dripu ya mafuta "ya kutuliza kinga". Nyumbani nako mama mkwe anasema umefungwa. Unauliza kama ukope hela ukapime.

Usikope kwanza. Lipo tatizo moja la kinga ya mwili linaloua mimba ambalo limethibitishwa, lina vipimo vyake na lina dawa. Kwa historia uliyoandika, hasa huyo mtoto wa miezi sita, ndilo la kutafuta kabla ya lingine lolote. Linaitwa sindromu ya antifosfolipidi. Ukimtajia daktari herufi APS atakuelewa haraka zaidi. Mimi ninalo.

Kwa kifupi, mwili unatengeneza kingamwili ambazo, badala ya kupambana na vijidudu, zinazivamia protini zinazokaa juu ya mafuta ya ukuta wa seli zetu wenyewe. Protini kubwa kati ya hizo ni beta-2 glaikoprotini. Matokeo yake damu inaganda pasipotakiwa, na kondo la nyuma linaathirika vibaya kwa sababu seli zake zina mafuta ya aina hiyo kwa nje. Graham Hughes na wenzake pale Hammersmith, London, ndio walioueleza ugonjwa huu mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba shida yote ni mabonge ya damu kwenye kondo. Mwaka 2004 watafiti wa New York walionyesha kwenye panya kwamba kuna zaidi ya hapo: kingamwili hizi huamsha komplementi, yaani zile protini za damu ambazo kazi yake ni kutoboa na kumaliza vijidudu, na vurugu hiyo ndiyo inayolichoma kondo. Heparini iliwaokoa watoto wa panya hao kwa sababu inaizuia komplementi. Dawa nyingine za kuzuia damu kuganda hazikuwaokoa. Nimeueleza utafiti huu kwa urefu kwa sababu ndio unaoeleza kwa nini sisi tunachomwa heparini na si dawa yoyote tu ya kulainisha damu.

Sasa nisimulie ilivyokuwa kwangu, maana kuna jambo hapa litawafaa na wengine wanaosoma.

Kwenye mimba yangu ya kwanza, kliniki ya wajawazito walinipima kaswende kwa kipimo cha zamani, RPR. Kikasoma chanya. Mume wangu akapimwa, hana. Mnajua maneno yanayofuata ndani ya nyumba baada ya majibu kama hayo. Nilichomwa zile sindano nzito za benzathini, mimba ikatoka, na kila mtu akasema ni kaswende iliyomuua mtoto. Mimba iliyofuata nikapimwa tena, chanya tena, nikachomwa tena, na mtoto akafia tumboni. Wifi zangu walishafunga kesi na kutoa hukumu.

Aliyelifumbua hilo fumbo alikuwa daktari mmoja wa kike kwenye hospitali ya rufaa. Alilichukua daftari langu, akaweka kidole kwenye yale majibu mawili, akauliza: "TPHA ulipimwa?" Sikuwahi. TPHA inatafuta kingamwili za bakteria wa kaswende mwenyewe. RPR haimtafuti bakteria. Ndani ya kimiminika chake kuna kadiolipini, na kadiolipini ni mojawapo ya mafuta yaleyale ambayo kingamwili za APS zinayakimbilia. Kwa hiyo mwenye APS anaweza kusoma chanya maisha yake yote bila kuwahi kuwa na kaswende. TPHA yangu ikarudi hasi. Niliomba karatasi ile ipigwe muhuri, nikaipeleka nyumbani.

Tafadhalini, hapa nisieleweke vibaya. Kaswende ipo, inaua watoto tumboni, na majibu mengi ya chanya ni ya kweli. Ukiambiwa unayo, chomwa sindano na mwenzi wako atibiwe, kisha ndiyo uulize habari ya kuthibitisha. Siku hizi kliniki nyingi zina kipimo cha haraka kinachosoma kingamwili za bakteria wenyewe, kwa hiyo mkanganyiko huu umepungua. Lakini kama kwenye daftari lako la zamani kuna RPR au VDRL (kipimo kingine cha zamani cha aina hiyohiyo) chanya ambayo haikueleweka, na mimba zimekuwa zikipotea, mwonyeshe daktari ukurasa huo kabla hujafungua mdomo.

Vipimo vyenyewe ni vitatu, na viandikwe vyote: lupasi antikoagulanti, antikadiolipini, na anti-beta-2 glaikoprotini. Cha kwanza ndicho chenye uzito mkubwa. Wanawake wenye kingamwili hizi walipofuatiliwa Marekani na Kanada kwenye utafiti uitwao PROMISSE, lupasi antikoagulanti ndiyo iliyobashiri vizuri zaidi ni nani mimba yake itaharibika. Jina lisikutishe, halimaanishi una lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Na lina maajabu yake: kwenye chupa ya maabara damu yako itachelewa kuganda, kumbe mwilini inaganda kupita kiasi. Ndiyo maana kuna wanawake wanaozuiwa dawa na mtu aliyeangalia karatasi moja tu, akasema "damu yako tayari ni nyepesi".

Majibu ya siku moja hayatoshi. Ni lazima virudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa sababu maambukizi ya kawaida yanaweza kuzipandisha kingamwili hizi kwa muda kisha zikashuka zenyewe. Kwetu huku kwenye malaria na homa za kila namna, hilo si jambo la kupuuza. Kile cha lupasi usipimwe ukiwa tayari unachoma heparini, kitapotosha. Mimi sampuli ilisafirishwa nje ya nchi na nikasubiri sana. Ulizia maabara kubwa za Dar kwanza, na uulize vyote vitatu, maana kuna mahali wanafanya kimoja na kukwambia wamemaliza. Halafu uangalie kiwango: antikadiolipini iliyopanda kidogo tu haihesabiki, inatakiwa iwe ya kati au ya juu.

Je, kwa nini nasema historia yako inaelekea huko? Kwa sababu kwenye vigezo wanavyotumia madaktari, mtoto mmoja kufa baada ya wiki 10 akiwa na maumbile ya kawaida kunatosha kuanzisha uchunguzi, na vilevile mtoto kuzaliwa kabla ya wiki 34 kwa sababu ya kifafa cha mimba au kondo kushindwa kazi. Mimba changa zinazotoka ni habari nyingine. Nyingi zinatoka kwa sababu mgawanyiko wa kromosomu ulikosewa tangu mwanzo, na hapo hakuna kinga wala mkono wa mtu. Ndiyo sababu kwa mimba za chini ya wiki 10 vigezo vile vilitaka ziwe tatu mfululizo.

Tiba. Mwaka 1997 Rai, Regan na wenzao pale London waliwagawa wanawake 90 wenye kingamwili hizi na waliopoteza mimba mara kwa mara. Nusu walipewa aspirini ya dozi ndogo peke yake, nusu aspirini pamoja na heparini. Waliojifungua watoto hai upande wa aspirini walikuwa asilimia 42. Upande wa zote mbili, asilimia 71. Hizo namba ndizo zilizonipa nguvu ya kuanza tena. Prednisoloni, dawa ya steroidi, ilijaribiwa pia miaka hiyohiyo na haikusaidia: watoto njiti waliongezeka, na akina mama wakapata presha na sukari. Ukiandikiwa kwa sababu ya mimba kutoka tu, uliza mara mbili.

Heparini haivuki kondo, haimfikii mtoto. Mimi nilitumia enoksaparini, aina mojawapo ya heparini, sindano iliyokwisha jazwa, mara moja kwa siku. Unakaa, unaushika mkunjo wa ngozi ya tumbo pembeni, mbali na kitovu, sindano inaingia wima mpaka mwisho, unasukuma taratibu, na mkunjo huuachii mpaka umeitoa. Kile kipovu cha hewa kilichomo ndani usikitoe, kimewekwa makusudi. Ukimaliza usisugue. Nilisugua siku za mwanzo kwa mazoea ya sindano za hospitali na tumbo likawa na madoa ya bluu kama limepigwa. Upande leo kushoto, kesho kulia. Zisikae kwenye joto la kupita nyuzi 25, na friza usizitie kabisa. Gharama ndiyo mlima. Ongea na watu wa bima mapema, ukiwa na barua ya daktari mkononi, kabla mimba haijaingia.

Nije sasa kwenye seli za NK, ambazo ndizo ulizoulizia.

Zipo kweli na utafiti wake ni wa kweli, tena sehemu yake muhimu imefanyika jirani hapa. Kwenye mji wa mimba kuna seli nyingi za aina hiyo mwanzoni mwa ujauzito. Hazimshambulii mtoto. Kazi yao ni kuelewana na seli za kondo ili mishipa ya damu ya mama ipanuliwe na mtoto alishwe vizuri. Mama ana vipokezi viitwavyo KIR kwenye seli hizo, na kondo lina alama iitwayo HLA-C, ambayo nusu yake imetoka kwa baba. Baadhi ya jozi za KIR na HLA-C hazipatani vizuri, mishipa haipanuki, na hatari ya kifafa cha mimba inapanda. Profesa Annettee Nakimuli wa Makerere, akishirikiana na Ashley Moffett wa Cambridge, aliwachunguza akina mama wa Mulago, Kampala, na mwaka 2015 wakachapisha kwamba kuna jeni za KIR zinazowakinga Waafrika ambazo si zile zinazowakinga Wazungu. Nilipousoma nilifurahi sana, kwa sababu tumezoea kutibiwa kwa majibu yaliyopatikana kwenye miili ya wengine.

Lakini hakuna mahali utafiti ule unaposema upimwe NK kwenye damu ya mkononi uwekewe dripu. Seli za NK za kwenye damu si zile za mji wa mimba, zinatofautiana kwa sura na kwa kazi, na kuzihesabu mkononi hakukwambii kinachoendelea huko ndani. Dripu unayoambiwa ni mafuta ya soya yaliyotengenezwa kuwalisha wagonjwa wasioweza kula. HFEA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia tiba za uzazi, imevipa vipimo na tiba za kinga za namna hii alama nyekundu. Na tumeshapita hapa: zamani wanawake walichomwa chembe nyeupe za damu za waume zao "ili kinga izoee". Ulipofanywa utafiti wa kulinganisha kwa haki, ukachapishwa mwaka 1999, haikusaidia, na dalili zilikuwa kwamba inadhuru. Wangapi walikuwa wamelipia mpaka hapo?

Malaria nayo usiiache nje ya hesabu. Watafiti waliokuwa Muheza, Tanga, walionyesha mwaka 2006 kwamba kwa wanawake wenye mimba ya kwanza, vimelea vikijazana kwenye kondo, kinga ya mama inajikusanya hapo na kunapanda protini iitwayo sFlt-1, ileile inayopanda kwenye kifafa cha mimba, pamoja na presha. Mimba yako iliyoharibika na presha si ya kwanza, ila SP za kliniki (vidonge vya kuzuia malaria) na chandarua ni za kila mimba. Kama kundi lako la damu ni hasi, lijulikane sasa. Sukari, tezi ya shingo na umbo la mji wa mimba viangaliwe pia.

Hata kama vipimo vyote vitatu vitarudi hasi, kwa kuwa ulipata presha kali, muulize daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo mimba ijayo, ianzishwe kabla ya wiki 16. Kwenye utafiti wa ASPRE wa mwaka 2017, miligramu 150 kila usiku zilipunguza kifafa cha mimba cha kabla ya wiki 37 kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Aspirini ni ya bei ndogo na inapatikana. Heparini usiianze mwenyewe wala usiazime kwa mtu.

Kuhusu mama mkwe, usigombane naye. Wa kwangu nilimpeleka kliniki akasikia kwa masikio yake, na kwenye mimba ya binti yangu yeye ndiye alikuwa akiniamsha saa ya sindano.

La mwisho ni kwa watakaogundulika. Wakunga waambiwe mapema, kwa sababu sindano inasimamishwa kabla ya kujifungua, na ya mgongo kwa ajili ya upasuaji haichomwi mpaka saa 12 zipite tangu dozi ndogo ya kila siku ya kuzuia damu kuganda. Baada ya kujifungua unaendelea nayo wiki 6, maana damu bado iko tayari kuganda. Na ukija kupanga uzazi, vidonge vyenye estrojeni si vyako. Mwambie muuguzi una APS, akupe njia nyingine.